Wimbo mtamu wa mtu anayetaka kuua

Wasee, leo tuongee kuhusu "Santeria" ya Sublime. Najua kuna wale watasema hawaijui, halafu wakisikia sekunde kumi za kwanza watasema "aah, kumbe ni hii!" Ndiyo hiyo. Ni ile ngoma ambayo dere wa mathree ya Thika akichoka na rege ya Jamaika anaitelezesha katikati ya nyimbo zake na hakuna abiria analalamika. Gitaa linaingia kwa upole, jua limewaka, kila mtu anatikisa kichwa taratibu. Na mwanamume anayeimba anapanga mauaji.

Sitii chumvi. Stori ya wimbo ni hii: mwanamke wake amekwenda na mwanamume mwingine, na yeye amebaki na wivu kifuani. Anasema akiwapata hao wawili, mwanamume atamtia risasi na mwanamke atampiga kofi. Kufika mwisho amepata bastola mpya, na anatuhakikishia kwamba hatafikiria mara mbili. Wimbo wote ni dakika tatu hivi, na hayo yote anayaimba kwa sauti ya mtu aliyejilaza kwenye kitanda cha kamba pale Diani, miguu juu, dafu mkononi.

Mimi naipenda hii ngoma. Naanza hapo ili msije mkaniuliza kama siku hizi nimekuwa padri. Lakini nafikiri wengi tunaipenda bila kuisikia, na ndani yake kuna kitu kinachotuhusu sisi wa Ruiru na Thika pengine kuliko watu wa California walioitunga.

Tuanze na sauti yenyewe. Sublime walikuwa vijana watatu wa Long Beach: Bradley Nowell kwenye gitaa na uimbaji, Eric Wilson kwenye besi, Bud Gaugh kwenye dramu. Walichanganya ska, rege, panki na hip hop bila kuomba ruhusa ya mtu. Ska ndiyo mama ya rege. Ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, miaka ishirini baadaye vijana weusi na weupe wa Coventry, Uingereza, wakaichukua na kuitia makali ya panki, halafu miaka ya 1990 ikatua California. Siri yake ni moja: gitaa linapiga mguu ukiwa hewani. Ukitembea unakanyaga moja, mbili, moja, mbili. Gitaa la ska linalia katikati ya hatua, pale ambapo bado hujakanyaga kitu. Ndiyo maana mwili hauwezi kutulia. Unajikuta unarukaruka hata kama umetoka kuzika.

Sasa fikiria mtu anachukua muziki wa namna hiyo anaimbia wivu. Bendi nyingi za ska-panki hufanya hivyo kusudi. Wanapiga mbio, tarumbeta zinapayuka, na mwimbaji anajicheka mwenyewe: nimeachwa, oneni nilivyo mjinga. Hiyo ni dawa nzuri, na sina neno nayo. "Santeria" ni kitu kingine. Haina tarumbeta na haikimbii. Imepunguza mwendo mpaka karibu na rege, haituki, inabembea tu. Na huyu jamaa hajicheki hata kidogo.

Kuna jambo moja ambalo wapiga gitaa watanielewa haraka. Kodi za ubeti (si ile ya nyumba, tulieni) zinaanzia E, zinaenda G#, zinashuka C# maina, zinatua B. Ile ya pili ndiyo mchawi. Ukiwa nyumbani kwa E, hiyo G# inakuja na noti moja ambayo si ya hapo bomani. Ni kama mgeni ambaye hakualikwa. Sikio linashtuka kidogo sana, kisha C# maina inakupokea na huzuni yake, na B inakurudisha mlangoni uanze upya. Jua, mgeni, huzuni, mlango. Jua, mgeni, huzuni, mlango. Kama umewahi kulala saa nane za usiku ukiangalia mara ya mwisho fulani kuonekana mtandaoni, unajua kwamba wivu huzunguka hivyo hivyo. Hauji na ngoma za vita. Unakuja ukikumbuka siku nzuri kwanza, mkiwa kwa nyama pale Kamakis, mkicheka, halafu yule mgeni anaingia kwenye picha.

Kwa hivyo kuna watu husema muziki wa "Santeria" unadanganya kwa sababu ni mtamu na maneno ni mabaya. Mimi naona kinyume. Muziki ndio unaosema ukweli. Maneno ndiyo yanajifanya.

Nieleze kidogo kuhusu jina. Santeria ni dini iliyokulia Kuba, yenye mizizi kwa Wayoruba waliopelekwa huko utumwani, ikachanganyika na Ukatoliki. Wimbo wenyewe hauhusu dini. Jamaa anaitaja mwanzoni ili kusema haifuati, na kwamba hana kioo cha kupigia ramli. Kwa lugha ya hapa kwetu, anasema hana mganga. Sasa shuka pale stendi ya Ruiru utembee kidogo uelekee Kihunguro ukisoma nguzo za stima. Mganga kutoka Ukambani. Mganga kutoka Pwani. Kesi za korti, mali iliyopotea, nguvu za kiume, na haikosi hata siku moja: kurudisha mpenzi. Wengine wanaahidi muda kabisa, kama wanaleta pizza. Tunacheka tukipita, lakini yale makaratasi yanachapishwa kwa pesa, na hakuna biashara inayochapisha matangazo miaka nenda miaka rudi bila wateja. Kuna watu wanapiga hizo namba. Ni majirani zetu, wameachwa, na hawajui waende wapi.

Jamaa wa "Santeria" mganga hana. Alicho nacho ni bastola. Na kati ya mganga na bastola, kwake, hakuna kitu cha tatu. Ila katikati ya wimbo kuna mahali anakaribia. Anasema kile hasa anachotaka kusema hawezi kukieleza, ila anajua ni mapenzi anayohitaji. Sauti inapanda kidogo hapo, ndiyo sehemu ambayo watu wote huimba pamoja. Kwangu mimi huo ndio moyo wa ngoma nzima. Mtu ana uchungu ambao hauna jina mdomoni mwake, na kwa kukosa jina anasema nitaua.

Sisi majina tunayo, na mengi. Kiswahili kina wivu, kina kijicho, kina husuda, kina gere. Watu wa Pwani wana neno moja ambalo huku bara hatulitumii na ni hasara yetu: ngoa. Mtu analia ngoa. Ni wivu wa mapenzi, wivu ulio na tamaa ndani yake, na neno lenyewe linakubali kwamba mtu huyo analia. Huku Ruiru kijana akiachwa anasema "nimechezwa." Sikiliza hilo neno vizuri. Ukichezwa, kuna aliyekucheza na kuna waliokuwa wakitazama. Uchungu wote umehamia kwenye macho ya watu. Hatusemi namkosa, hatusemi nyumba imekuwa kubwa ghafla. Tunasema wasee wameona. Na mtu anayehisi kwamba ameaibishwa mbele ya watu hutafuta kitu cha kufanya mbele ya watu hao hao.

Hapo ndipo sauti tamu inapoanza kunisumbua. Umewahi kukaa kwenye stendi ya boda jioni, au kwa kibanda cha chapo, mmoja akianza stori ya manzi wake aliyehamia Thika kwa mwanamume mwingine? Haongei kwa hasira. Anaongea akicheka. "Huyo fisi nikimpata, mimi naenda Kamiti." Kila mtu anacheka. Mwingine anaongeza, "Na yeye je?" "Yeye pia atanijua." Kicheko tena, "buda tulia," chapati nyingine, stori inahamia kwa Arsenal. Yaani ni "Santeria" kabisa. Maneno ya kuua, sauti ya Jumapili, na sisi ndio tunatikisa vichwa.

Tisho likitolewa kwa sauti ya ukali, watu hushtuka, wengine wanaweza hata kumpigia mtu simu. Likitolewa kwa sauti tamu linasikika kama utani, na mara nyingi ni utani kweli. Shida ni kwamba ukiwa umekaa hapo huwezi kutofautisha, na anayetishiwa hayuko hapo kusikia.

Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu walitoka barabarani Nairobi na miji mingine kuandamana dhidi ya mauaji ya wanawake. Wanawake wa hii Thika Road walikuwepo, wenye mabango, wenye majina ya wafu yameandikwa kwa kalamu nzito. Baadaye mwaka huo huo polisi wenyewe walitoa hesabu: wanawake 97 kuuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024. Miezi mitatu. Sitasema wote ni wivu, kwa sababu si kweli. Kuna mali, kuna ulevi, kuna mambo ambayo wimbo hauwezi kuyabeba. Wala sisemi Sublime wana damu ya mtu yeyote. Wale wanaotaka kila wimbo mbaya ufutwe hunichosha sawa na wale wanaosema "ni wimbo tu" bila kusikiliza hata ubeti mmoja. Nowell alifariki tarehe 25 Mei 1996, miezi miwili kabla ya albamu iliyo na wimbo huu kutoka, tarehe 30 Julai. Alikuwa na miaka 28. Hakuishi kuuona ukizunguka dunia, na hakufika siku ya kukaa chini aulizwe kama yule mwanamume kwenye wimbo ni yeye au ni mtu aliyemtunga. Mimi nasikia mtu aliyetungwa, mdomo mkubwa na moyo uliovunjika, na mtunzi aliyempa muziki mzuri ili tumwone ndani. Lakini akishatoka kwenye spika ya mathree, mtunzi hayupo. Tumebaki na huyo jamaa na bastola yake.

Sasa nisikilizeni, hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Yule mwanamume mwingine kwenye wimbo anaitwa Sancho. Si jina lake halisi. Kwa misimu ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, Sancho ni yule mwanamume anayekwenda na mwanamke wako nyuma ya mgongo wako. Huku tungemwita fisi. Kwenye "Santeria" Sancho haongei. Anaambiwa akimbie ajifiche, basi. Hatujui kama alijua, hatujui kama yule mwanamke alimwambia ameshaachana na mtu.

Kumbe Sancho alikuwa ameshaongea, zamani, hapa Nairobi, kwa Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Les Wanyika walitoa "Sina Makosa." Hata kama umezaliwa 2004 unaijua, iko kwenye kila harusi, kila kesha, kila redio ya Jumapili alasiri, na mzee wako akiisikia anaacha alichokuwa akifanya. Tunaiimba tukiwa na glasi mkononi kama wimbo wa mapenzi. Lakini anayeimba ni mtu anayejitetea. Mbele yake kuna bwana mwenye hasira, bwana anayetaka kumwua, na yeye anamwuliza chuki hii ni ya nini, wewe una wako nyumbani na mimi nina wangu. Ni Sancho anaomba asiuawe. Na gitaa? Asali tupu. Besi ya Tom Malanga inatembea kama mtu asiye na deni hata moja duniani.

Jaribu kuzipiga moja baada ya nyingine, "Santeria" kisha "Sina Makosa." Nimefanya hivyo wiki nzima nikitoka Ruiru kwenda Thika, hedifoni masikioni, kutoka Kimbo mpaka Juja mpaka pale Witeithie. Zinaongea. Wa kwanza anasema nitakuua, wa pili anauliza kwa nini, na wote wawili wanaimba kana kwamba wako likizo. Ukizisikia hivyo, ya Sublime inabadilika. Kumbe Sancho ana uso, ana mke, anaogopa. Ni vigumu kutikisa kichwa vile vile baada ya hapo. Mimi bado natikisa, lakini polepole.

Halafu unagundua nani hajaongea. Wanaume wawili wamebadilishana maneno, mmoja California mmoja Nairobi, na mwanamke wanayegombania hajasema lolote. Kwenye "Santeria" hana hata jina. Anatajwa kama kitu kilichopotea na kupatikana kwa mtu mwingine, kama simu.

Si kwamba ska haijawahi kumpa mwanamke nafasi. Mwaka 1995 No Doubt, bendi nyingine ya California hiyo hiyo, walitoa albamu ya "Tragic Kingdom," na nyimbo kadhaa humo ni za Gwen Stefani akimwimba Tony Kanal, aliyekuwa mpenzi wake kwa miaka na aliyemwacha. Sasa Kanal ni nani? Ni mpiga besi wa bendi. Yaani jioni baada ya jioni, nchi baada ya nchi, mwanamke anamwimba mtu aliyemvunja moyo, na huyo mtu amesimama mita mbili kutoka kwake akipiga noti zinazoubeba wimbo. Hakuna bastola, hakuna mganga, wanapanda basi moja kesho asubuhi. Hiyo picha naipenda sana. Sidhani ilikuwa rahisi hata siku moja.

Na Pwani na Zanzibar walijua hili kabla ya sisi sote. Taarab ya rusha roho, jina lenyewe linakuambia kazi yake: kumrusha roho mwenzako, kumtia wivu makusudi. Khadija Kopa akisimama na kipaza sauti, mwanamke hajifichi nyuma ya hasira ya mwanamume. Yeye ndiye anayeonea, ndiye anayeonewa, ndiye anayejibu, na hadhira inajua mshale unamwendea nani. Inaweza kuwa kali mpaka watu wakanuniana mwaka mzima. Lakini ni maneno yakijibiwa na maneno, na mwanamke yuko kwenye mazungumzo.

Huku kwetu usiku wa Ijumaa ni mugithi. Mtu mmoja, gitaa moja, na watu wazima wameshikana mabega wamefanya treni, ndiyo maana ya neno lenyewe kwa Gĩkũyũ. Nimekaa pembeni mara kadhaa nikisikiliza maneno yanayopita hiyo treni ikizunguka meza, na mengi ni ya mwanamume aliyeachwa, akiuliza mwanamke alikwenda wapi na nani amemnunulia viatu. Kila mtu anaimba, wanawake pia, kwa sauti kubwa. Wanaimba sehemu ya mwanamume kwa sababu ndiyo sehemu iliyoandikwa.

Mimi natafuta wimbo wa tatu. Ule wa yule aliyefunga begi moja asubuhi, akapanda mathree ya Thika jamaa akiwa kazini, akapanga chumba Makongeni, akabadilisha laini. Awe anapenda mtu mpya au hapendi mtu, hiyo ni shauri lake. Nataka kusikia chumba hicho kinasikikaje usiku simu ikilia kwa namba asiyoijua. Gitaa likipiga mguu ukiwa hewani, ni sawa. Likiwa la benga, sawa zaidi. Kama unao, nitumie, hata kama umerekodiwa kwa simu jikoni. Kiswahili, Sheng, Gĩkũyũ, yote nachukua.